Hakuna Bosi, Kuna Hesabu

Laptopu yangu ya zamani, kwa chumba cha nyuma ninachokodi Elgon View, ni nodi ya bitcoin. Haichimbi sarafu, na hainiletei hata shilingi. Kazi yake ni kukagua. Kila dakika 10 hivi bloku mpya inafika, nayo inauliza: saini ni halali? Hizi sarafu hazijatumika tayari? Mchimbaji amejilipa zaidi ya sarafu 3.125 na ada za miamala? Kosa likiwa moja tu, bloku yote inatupwa, hata kama aliyeituma ana ghala zima la mashine Texas. Stima ikipotea, ikirudi laptopu inaanzia pale ilipoachia na kukagua kila kitu ilichokosa.

Sasa, njia hupanda vipi? Wakati mwingine ni bahati tu. Wachimbaji wawili wanapata bloku karibu pamoja, zote halali. Nodi zingine zinaona hii kwanza, zingine ile. Bloku inayofuata ikijengwa juu ya moja, mnyororo uliotumia nguvu nyingi zaidi za kompyuta ndio unafuatwa. Hakuna ugomvi.

Shida ni sheria zikitofautiana. Machi 2013, programu toleo la 0.8 ilikubali bloku ambayo 0.7 iliikataa. Kwa saa kadhaa kukawa na minyororo miwili, hadi wachimbaji wakarudi 0.7. Agosti 1, 2017 hakuna aliyerudi. Waliotaka bloku kubwa, hadi megabaiti 8, wakaenda na Bitcoin Cash. Historia ni moja hadi siku hiyo, halafu ni mbili. Hapo wingi wa mashine hausaidii: nodi haifuati mnyororo inaouona batili, hata uwe mrefu vipi.

Anko wangu, aliyenilipia karo hadi nikaacha chuo mwaka wa pili, haelewi. "Bosi wa hiyo kitu ni nani?" Nikisema hakuna, anatikisa kichwa. Sisi wawili pia tuna historia moja hadi ule mwaka wa pili. Kwa daftari yake, bado nitahitimu.

Lakini Agosti 2022, IEBC ilipoweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, ni Anko aliyekesha na kalkuleta, akizifungua moja moja kwa simu na kujumlisha. Hakungoja bosi. Tarehe 15, makamishna 4 kati ya 7 wakayakataa matokeo ambayo mwenyekiti wao alikuwa anatangaza. Nchi ikawa na minyororo miwili.

Sisi tulikuwa na Mahakama ya Juu, na Septemba 5 ikaamua. Bitcoin haina mahakama. Mkikosana kuhusu sheria, kila mtu anabaki na ule mnyororo ambao nodi yake imekubali. Anko aliheshimu uamuzi. Karatasi yake ya hesabu hakuitupa, bado iko kwa droo.