Maji ya Ozi Darasani Arizona

Tempe, Arizona

Ami yangu,

Nasikia Mama ametangaza Kipini nzima kwamba nimepata honasi, nawe umeshachagua mbuzi. Mwache kwanza. Kwetu honasi ni daraja: mtu kamaliza chuo kikuu, cheti kinasema amefaulu vizuri, pilau inapikwa. Huku ndiyo mlango wa kuingilia. Unaomba ukiwa bado mgeni wa chuo, unaandika insha, wakikukubali unaongezewa kazi.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1922 Frank Aydelotte, Mmarekani aliyekuwa amesoma Oxford, alilianzisha katika chuo cha Swarthmore. Aliona wanafunzi wenye hamu wanakwamishwa na mwendo wa darasa zima, akawapa vikundi vidogo, wasome wenyewe, kisha watahiniwe na walimu wa nje. Barrett, chuo cha honasi nilipo mimi ndani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, kilianza mwaka 1988. Jina ni la tajiri aliyewahi kuiongoza kampuni ya Intel. Huku mfadhili huandikwa ukutani; kwetu aliyechimba kisima cha msikiti hataki hata atajwe.

Siku ya kwanza tuliketi duara, hata ishirini hatukufika. Nikafungua daftari, kalamu tayari, nikingoja mwalimu aseme nami ninakili. Hakusema. Alitazama meza, akatutazama sisi, akanywa kahawa yake. Ami, nilitokwa jasho chumba kikiwa na baridi ya mashine. Darasa letu la msingi lilikuwa limeandikwa ukutani "Kuuliza si ujinga", na miaka minane sikumbuki mtu aliyethubutu. Tulikuwa tumesoma habari za Gilgamesh, mfalme wa Uruk aliyekwenda kutafuta dawa ya kifo. Mwisho nikajikuta nasema kwamba kwetu kuna kaburi linalosemwa ni la Fumo Liyongo, shujaa asiyeuawa ila kwa msumari wa shaba kitovuni, na siri hiyo ilitolewa na mwanawe. Wote wakageuka. Mwalimu akauliza: kwa nini mwana? Saa nzima ikaishia hapo.

Kuna raha zake, sikufichi. Tunajiandikisha masomo mapema kabla ya wenzetu, na mwalimu anakujua kwa jina. Rafiki yangu, kijana wa Turkana mwenye akili kuliko mimi, hakuomba kwa kuwa hakuna aliyemwambia upo mpango kama huu. Yeye husikiliza mhadhara pamoja na watu mia tatu. Hilo linaniuma kila nikimwona, na jibu sina.

Sasa kazi yenyewe. Humalizi bila tasnifu yako, uitetee mbele ya walimu. Nilipoulizwa nataka kujua nini, nilikuwa nimetoka kutembea kando ya mto wa hapa. Unaitwa Mto Chumvi. Bwawa la Roosevelt lilikamilika 1911, mengine yakafuata, maji yakapelekwa mashambani na mijini, Tempe ikabaki na kokoto. Mwaka 1999 wakaziba kipande cha mkondo mkavu, wakajaza maji, sasa watu wanapiga makasia. Nikamwambia profesa: kwetu chumvi haimo kwenye jina, imo kwenye mpunga.

Nikamweleza habari za mto wetu wa Ozi: maji ya bamvua yanavyopanda mto, miembe inavyokauka ikiwa imesimama, wakulima wanavyokimbia mashamba ya baba zao. Akaniuliza sababu. Nikasema mabwawa ya juu ya Mto Tana, Masinga na wenzake. Akasema, una hakika? Nikakumbuka mfereji wa Belezoni. Zamani Tana haukuwa ukitokea Kipini. Mfereji huo, uliochimbwa karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ndio uliouunganisha na Ozi, na baadaye mto ukaupenda mfereji kuliko njia yake ya zamani. Basi mto wetu wenyewe ni mgeni, na nilichokuwa nakiita jibu kikawa swali.

Katika rasimu ya tasnifu nikaandika kwamba kwa maelezo ya nahodha mmoja mzoefu, chumvi hupanda zaidi wakati wa kiangazi. Nahodha huyo ni wewe. Walimu wakaniuliza alipimaje. Nikasema kwa ulimi. Hawakucheka, ila walitaka tarakimu.

Kwa hiyo nimempa mtu anayekuja Malindi kifaa kidogo cha kupima chumvi, kama kalamu nene. Bamvua ijayo, maji yakiwa yamejaa, anzia Kipini upande hadi kijiji cha Ozi, kisha mpaka Belezoni. Kila kituo chota maji katika kikombe safi, tumbukiza ncha yenye vijiti viwili, ngoja namba zitulie, andika pamoja na saa. Lakini kabla ya kutumbukiza, onja, na uandike ulimi umesema nini. Safu hiyo nimeiachia nafasi kwenye jedwali.

Mwanao,
wa Tempe