Diski Iliyopoteza Mipaka Mwaka wa Mgao wa Stima

Mwaka 2000 stima ilikuwa na ratiba. Saa za mgao zilichapishwa magazetini, nasi wa Kitui mjini tukazikata kwa makasi na kuzibandika ukutani kando ya kalenda. Ukame uleule uliokausha mahindi kuanzia Mutomo hadi Kathonzweni ndio uliolishusha bwawa la Masinga, na siku hizo zaidi ya nusu ya umeme wa Kenya ilitoka kwenye mabwawa ya Mto Tana. Mahindi hakuna na stima hakuna, na chanzo kilikuwa kimoja.

Nilikuwa fundi wa kompyuta, wa pekee, katika shirika moja lisilo la serikali. Sitalitaja jina, maana baadhi ya wahusika wangali hai na wangali wabishi. Ofisi kuu ilikuwa Kitui na tawi lilikuwa Wote, makao makuu ya Makueni tangu wilaya hiyo imegwe kutoka Machakos mwaka 1992. Kazi yetu kubwa mwaka huo ilikuwa mwolyo, yaani chakula cha msaada. Utaratibu ulitaka wanakijiji wachague kamati yao, kamati iandike familia zenye uhitaji zaidi, kisha majina yasomwe barazani watu wote wakisikia. Orodha zilitufikia kwa kalamu ya risasi kwenye daftari za shule, tukaziingiza kwenye seva, na kutoka huko tukachapisha karatasi za kupakilia lori. Asiyekuwemo kwenye orodha hakupewa gunia. Watu wengi wanaodhani kompyuta ni kitu cha anasa hawajawahi kusimama nje ya ghala siku ambayo orodha imechelewa.

Seva yenyewe ilikuwa Pentium moja isiyovutia, yenye diski ya gigabaiti nne na kidogo, ikiendesha FreeBSD, mmoja wa wajukuu wa Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley. Aliyeiweka alikuwa mzee mmoja wa Mbooni aliyekuwa ametumikia mashine za Unix za benki Nairobi hadi akastaafu. Sote tulimwita Mwalimu, ingawa sidhani aliwahi kushika chaki. Kwake mashine haikuwa imekamilika mpaka kitu fulani kiandikwe kwenye karatasi. Siku alipomaliza kuiweka aliendesha programu ya disklabel, akachapisha matokeo kwa ile printa ya Epson iliyokuwa ikipiga kelele ya msumeno, akaikata karatasi na kuibandika kwa selotepu upande wa ndani wa mfuniko wa mashine.

Karatasi ile ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo niieleze. Sekta ya kwanza kabisa ya diski ya PC ina baiti 512. Ndani yake, kuanzia baiti ya 446, kuna jedwali dogo la nafasi nne, kila nafasi baiti 16, linalosema sehemu gani ya diski inaanzia wapi, ina ukubwa gani na ni ya aina gani. Sehemu ya FreeBSD hubeba aina nambari 165. BSD haitosheki na hapo: ndani ya sehemu yake, kwenye sekta inayofuata ile ya kwanza, huweka lebo yake mwenyewe, inayoigawa tena kwa herufi. Herufi a ni mzizi wa mfumo. Herufi b ni ya kubadilishana na kumbukumbu ya mashine. Herufi c ni eneo zima na haiwekwi faili. Zinazobaki unagawa upendavyo. Kwetu e ilikuwa ya kumbukumbu za mfumo na barua pepe, na f, iliyochukua nafasi yote iliyosalia, ndiyo iliyobeba orodha.

Jambo la kushangaza, na bado linanishangaza, ni udogo wa maandishi hayo. Gigabaiti nne za kazi ya watu zinategemea sekta mbili.

Mhasibu wetu alitaka Windows 98 kwa ajili ya programu mpya ya vitabu vya fedha. Nilikuwa nimekwenda Wote kupeleka flopi na kuleta daftari za kamati, safari ya kuzunguka Wamunyu, Masii na Machakos kabla hujaanza kuteremka upande wa pili. Ofisi ikaita kijana kutoka duka moja la Nairobi. Akaona mashine yenye diski kubwa kuliko zote. Akaiwasha kwa flopi ya DOS, akafungua fdisk, programu ya kugawa diski, nayo ikamwambia kuna sehemu isiyo ya DOS. Akaifuta. Akaunda yake mpya, kubwa kama diski nzima. Alipokuwa akijiandaa kuifomati, stima ikakatika kwa mujibu wa ratiba ukutani, naye akaamua kupanda matatu ya kurudi Nairobi, arejee Jumatatu.

Katika mwaka mzima wa mgao, hiyo ndiyo mara pekee ninayoikumbuka nikilishukuru giza.

Nilipofika jioni na kuwasha kwa betri, skrini iliniambia kwamba hakuna mfumo wa kuendesha. Nilikwenda Posta kumpigia Mwalimu kutoka kibandani. Sikuwa nimemaliza kueleza alipouliza swali moja tu: "Amefomati?" Nikamwambia hapana. "Basi usiiguse, kijana. Usiandike chochote. Nakuja."

Alifika kesho yake mchana akiwa amevaa koti lake la kahawia, joto lote lile la Kitui. Mkurugenzi, aliyekuwa hajalala, alimpokea mlangoni. "Mzee, tumepoteza majina yote?" Mwalimu akavua kofia kwanza. "Madam, mtu akichoma ramani katika ofisi ya ardhi, makonge ya mpakani yanabaki palepale shambani. Nipe usiku mmoja." Kisha akaomba chai.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kurekebisha. Tulichomoa diski ya akiba tuliyokuwa tumeitoa Wote, kubwa kidogo kuliko ya seva, tukaifunga kwenye mashine, tukawasha kwa sidii ya pili ya FreeBSD, ile inayoendesha mfumo bila kuhitaji diski. Kwa programu ya dd tukanakili kila sekta kutoka diski mbovu hadi nyingine. Stima ilirudi usiku, na ratiba ilisema itaondoka alfajiri. Hakuna aliyezungumza sana wakati dd ikifanya kazi, kwa sababu dd ya siku hizo haikuonyesha hatua yoyote bila kuulizwa: ilikaa kimya mpaka imalize, na ukimya wake ni uleule ikiwa inafanya kazi au imekwama. Mwalimu aliweka kiganja juu ya diski kusikia mtetemo. Tulifanya kazi zote zilizofuata kwenye nakala.

Ndipo tukafungua mfuniko. Joto na vumbi vilikuwa vimeifanya selotepu kuwa ya manjano, na ilipobanduka iliondoka na wino wa mistari ya chini. Mstari wa a ulisomeka: sekta 102400, megabaiti hamsini. Mstari wa b pia: 262144, megabaiti 128. Mwanzo wa e basi ulijulikana kwa kujumlisha, kwani Mwalimu hakuacha pengo kati ya sehemu: 364544. Lakini ukubwa wa e ulikuwa umekwenda na gundi, na kwenye safu ya mwanzo wa f zilibaki tarakimu mbili tu za mwisho, 44. Bila ukubwa wa e hatukujua f inaanzia wapi, na f ndiyo iliyokuwa na watu.

Hapa Mwalimu alinifundisha kitu ambacho sijakiona kikifundishwa darasani. Mfumo wa faili wa BSD wa siku zile, alioutengeneza Kirk McKusick kule Berkeley, ulikuwa na rekodi yake kuu inayoeleza umbo la sehemu nzima. Ilikaa baiti 8192 kutoka mwanzo wa sehemu, yaani sekta ya 16. Nakala yake ya kwanza iliwekwa sekta ya 32. Nakala nyingine zilisambazwa mbali mbali katika sehemu nzima, moja kwa kila kundi la silinda, makusudi kabisa, ili jeraha la mahali pamoja lisiue yote. Na kila rekodi hiyo, umbali wa baiti 1372 kutoka mwanzo wake, ilikuwa na nambari ya utambulisho 011954. McKusick alizaliwa tarehe 19 Januari 1954, na Wamarekani huanza na mwezi. Kwenye mashine za Intel baiti hugeuzwa, hivyo ukitazama diski yenyewe unaona 54 19 01 00.

Basi tukaanzia sekta 364544 ya eneo letu, tukamwaga baiti kupitia hexdump, tukachuja mistari yenye 54 19 01 00. Mara moja ikatokea mistari miwili iliyoachana kwa baiti 8192 kamili. Hiyo ilikuwa e, rekodi kuu na nakala yake ya kwanza. Halafu kimya. Halafu mmoja peke yake. Kimya tena, mwingine peke yake. Nilifurahia kila mmoja, naye akanikatiza kila mara: "Huyo ni wa e bado. Ngoja wawili." Kwa sababu nakala za ndani huja moja moja, na kinachokuja kwa jozi yenye umbali ule ni mwanzo wa sehemu mpya peke yake. Baiti nne zaweza kutokea popote kwa bahati, hata ndani ya picha. Jozi iliyoachana kwa 8192 haitokei kwa bahati.

Wawili walitokea saa tisa za usiku. Tulitoa 8192 na 1372 kutoka mahali pa yule wa kwanza, tukagawanya kwa 512, tukatoa mwanzo wa eneo letu, ambalo kwa desturi ya PC lilianzia sekta ya 63. Jibu: 569344. Mwalimu akaisogeza karatasi karibu na taa, akaweka kidole kwenye zile 44 zilizosalia. Nambari za simu zote nilizozijua mwaka ule zimenitoka; hiyo haijanitoka.

Yaliyobaki yalikuwa uandishi. Tulirudisha jedwali la kwanza kwa fdisk ya FreeBSD, aina 165, mwanzo 63. Tukaandika lebo kwenye faili la maandishi mstari kwa mstari, tukairudisha kwa disklabel. Mwanzo wa a ulikuwa umeumia, kwa hiyo fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, ilikataa mpaka tuielekeze kwenye nakala ya sekta ya 32. Kwa f haikuwa na la kusema. Tuliifungua kwa kusoma tu, na saraka za maeneo zikajitokeza: Mutitu, Mutomo, Kwa Vonza, zote.

Watu wa siku hizi huniambia jambo hili limepitwa na wakati, na wana haki kwa kiasi kikubwa. Jedwali la zamani lilikuwa na nafasi nne na haliwezi kuvuka terabaiti mbili kwa sekta za baiti 512. Lile lililolirithi, GPT, huweka nakala yake mwisho wa diski na hujikagua lenyewe, na FreeBSD leo hufanya kazi yote kwa gpart. Kaunti zilipokuja mwaka 2013, kompyuta zilizofika ofisi za Kitui na Wote hazikuhitaji mtu wa kujua kichwa wala silinda. Ninachobishania ni kidogo tu. Nakala ya GPT iko kwenye diski ileile. Yule kijana wa dukani angeifuta nayo, kwa adabu, baada ya kubonyeza "ndiyo".

Jumatatu lori lilipakiwa kwa orodha zilizo kamili. Kijana alirejea kama alivyoahidi, akakuta mashine imefungwa kamba na Mwalimu ameketi juu yake. Walizungumza muda mrefu, kwa upole kuliko nilivyotarajia, na kijana akaondoka na karatasi aliyochorewa sekta ya kwanza. Mkurugenzi akaweka kanuni kwamba hakuna mfuniko unaofunguliwa bila sahihi yake, na lebo ichapishwe nakala mbili, moja Kitui na moja kwenye kabati la Wote. Hati ya malipo ya duka ilifika wiki iliyofuata, ikidai kazi ya kuweka Windows. Mhasibu, ambaye Windows yake hakuipata hadi tuliponunua diski nyingine, alitaka ilipwe yote kwa kuwa kijana alisafiri kweli. Mkurugenzi aliidhinisha nauli tu. Walibishana hadi mwisho wa mwaka wa fedha.