Garimoshi Lisilotusimamia

Kupotelewa ni nini, ikiwa kilichopotea bado kinapita mbele ya macho?

Swali hili hunijia kila nifikapo kwenye stesheni ya Kajiado. Reli ipo. Garimoshi bado huja, zito, mabehewa yake yamejaa magadi kutoka ziwani, likielekea Konza na hatimaye Mombasa. Linapita. Hakuna anayeinuka kushika kikapu, hakuna mtoto anayefungwa mgongoni kwa haraka. Sisi wa kwenda Kitengela tuko kule barabara ya Namanga, makanga wanatuita.

Kilichoondoka basi ni kipi? Chuma hakikuondoka. Labda ni kule kungoja pamoja, watu wasiojuana, wakitazama upande mmoja wa upeo wa macho. Ndani ya matatu kila mtu hutazama kisogo cha mwenzake.

Na je, kiliwahi kuwa chetu? Njia hii ya kilomita 146 hivi, kutoka Konza hadi Magadi, ilikamilika mwaka 1915, na ilijengwa kwa ajili ya magadi. Miaka minne kabla, mkataba wa 1911 ulikuwa umewaamuru Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini na mifugo yao. Mzee aliyeacha malisho ya kaskazini aliutazamaje mstari ule wa chuma ukikatiza malisho aliyopewa badala yake? Alikuwa na neno la kuuita?

Abiria walibebwa kwa kuwa njia ilikuwapo. Hatukuahidiwa kitu. Mbona basi moyo unauma kama uliovunjiwa ahadi?

Huko Japani, kisiwani Hokkaido, stesheni ndogo ya Kyu-Shirataki ilifungwa Machi 2016, na watu walikusanyika kuiaga. Nawaonea wivu. Wana tarehe. Wanajua siku ya kuhuzunika. Huku, nani alikuwa abiria wa mwisho kushuka Kajiado? Alijua kwamba ni yeye? Aligeuka nyuma, au aliwahi nyumbani kabla ya giza?

Huenda hasara zetu nyingi ziko hivyo, hazina siku. Nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua na kutawanyika katika nyanda za Kitengela na Kaputiei hawakuagwa na mtu. Ploti moja ilipimwa, seng'enge ikavutwa, ikapimwa nyingine. Ni asubuhi ipi tungepaswa kusimama ugani na kulia? Na kama tungelia, majirani wangetuuliza tumefiwa na nani.

Sitafuti garimoshi lirudi. Nataka tu kujua tulikuwa nani lilipokuwa likitusimamia.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa mama yako, babu yako au jirani yako aliwahi kusafiri kwa reli hiyo, muulize wiki hii: alishukia wapi, alibeba nini, nani alimpokea. Kisha yaandike majibu yake, na jina la stesheni uliandike kama yeye anavyolitamka.