Frigo moja kati ya baridi ya Masisi na joto la Walikale

Juma lililopita baada ya kikao cha likirimba, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: “Mwalimu, zamu yangu ya kupokea pesa imefika. Nataka kununua frigo, ile yenye sehemu ya kugandisha chini. Ni nzuri?” Nilimjibu kwa swali: utaiweka Masisi au Walikale? Alicheka, akafikiri namtania. Sikuwa namtania. Njia ya kujua jibu hilo ilinigharimu kilo kumi za nyama na safari ndefu ya kamyo.

Nianze na nyama. Mimi ninaishi Masisi-centre, ninafundisha fizika katika shule ya sekondari. Zamu yangu ya likirimba ilipofika, nilinunua frigo ya namna hiyo, ya mitumba, nikaiweka katika chumba cha akiba, upande usiopata jua. Nilisema moyoni: chumba ni cha baridi, frigo itafanya kazi kidogo, bateri itapumua. Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, tulinunua nyama kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mtoto wangu. Siku ya tatu asubuhi nilivuta droo ya chini, nikakuta damu imejaa. Nyama ilikuwa laini kama imetoka sokoni jana. Lakini juu, maziwa na mboga vilikuwa baridi vizuri kabisa.

Fundi mmoja alikuja akasema gesi imeisha. Aliongeza gesi, akachukua dola zangu, akaenda. Juma moja baadaye, mambo yakawa yale yale. Ndipo nilipoona haya, mimi mwenye diploma ya ISP ninayewaambia watoto kila mwaka namna joto linavyotembea. Nilichukua kipimajoto cha shule, nikakitundika kwenye ukuta wa kile chumba. Alfajiri kilionyesha digrii 13. Kisha nikasoma kibandiko ndani ya mlango wa frigo, kitu ambacho sikukisoma siku ya kununua. Kiliandikwa N.

Herufi hiyo ndiyo yenye maana. Inasema frigo imetengenezwa kwa chumba chenye joto gani. SN ni kuanzia digrii 10 mpaka 32. N ni 16 mpaka 32. ST ni 16 mpaka 38, na T ni 16 mpaka 43. Frigo nyingi zenye sehemu mbili zina kidhibiti kimoja tu cha baridi, nacho kinakaa juu, kwenye sehemu ya mboga. Chumba kikiwa na baridi, ile sehemu ya juu inabaki baridi karibu bila msaada. Kidhibiti kinasema “tumetosheka”, na mashine inalala masaa mengi. Lakini huko chini nyama inahitaji digrii 18 chini ya sifuri, na hakuna anayeiuliza. Kwa hiyo inayeyuka polepole, huku sisi tunalala tukiamini ubaridi wa Masisi unatusaidia.

Sikununua frigo nyingine. Niliihamisha tu, nikaiweka sebuleni tunapokaa na watoto, mbali na mbabula. Tangu siku hiyo haijayeyusha kitu.

Ni kwa sababu hiyo yaya yangu aliponiita mwaka 2022, nilikubali haraka. Yeye ameolewa Walikale-centre, na ana ugonjwa wa sukari. Anajidunga insulini. Kwa miaka miwili aliiweka katika frigo ya jirani mwenye butiki, na kila jirani aliposafiri, yaya alikosa usingizi. Alikusanya pesa na wenzake wa kikundi, akanituma Goma nimchagulie.

Birere kuna frigo za kila rangi. Nilikwenda na mambo manne kichwani. Kwanza herufi: Walikale nilitaka T, au ST kama T haipo. Pili kibandiko cha umeme, kinachoonyesha frigo inakula kilowati-saa ngapi kwa mwaka. Unagawanya kwa 365. Ile niliyochagua iliandikwa 255, yaani karibu 0.7 kwa siku. Tatu, mpira wa mlango. Niliweka noti ya franka 500 kati ya mlango na frigo, nikafunga, nikavuta. Noti ikitoka bila kushikwa, baridi nayo inatoka hapo. Nilijaribu pande zote nne, muuzaji akinitazama kama mwendawazimu. Nne, niliomba iwashwe kwa grupe mbele yangu kwa saa nzima, nikasikiliza. Muuzaji asiyekubali kuwasha, mwache.

Je, ya kugandisha chini au juu? Kwa yaya nilichagua chini, na sababu yake si fasheni. Mlango wa juu ndio unaofunguliwa mara ishirini kwa siku: maji ya watoto, sombe ya jana, dawa. Ukiwa kwenye usawa wa macho, unaona, unachukua, unafunga. Huna haja ya kuinama na kupekua huku baridi inamwagika. Chini unafungua mara moja au mbili, na droo zinazuia hewa baridi isitoke yote. Lakini nisiwadanganye: ni ghali kuliko ile ya kugandisha juu, na droo zake zinavunjika ukizijaza samaki wazito. Mama anayetaka kuuza samaki, kuku au juisi ya barafu, anunue ile ya kulala yenye mlango juu. Hewa baridi ni nzito, ukifungua kwa juu inabaki ndani.

Tuliipakia kwenye kamyo ikiwa imesimama, imefungwa godoro pande zote, droo zimetolewa na kuviringishwa katika vitenge. Kutoka Sake barabara inapanda mpaka Mushaki, na huko, mama zangu, unaelewa kwamba nchi yenyewe inaweza kuwa frigo. Vilima vya majani, ng'ombe, ukungu. Vibanda vya fromaji vinapanga maduara yake kwenye mbao, katika kivuli na ubaridi, kwa majuma mengi, bila waya wowote wa umeme. Kazi hii ilianzishwa na mapadri Wabelgiji katika miaka ya 1970, kwa mfano wa Gouda ya Uholanzi. Chumvi, ganda gumu na hewa ya mlimani vinatosha. Mashanza ni vivyo hivyo: bibi zetu waligeuza maziwa kuwa kitu kinachodumu kabla hatujasikia neno frigo.

Tulilala kwangu Masisi. Kesho yake Nyabiondo, kisha Kashebere, ambako mlima unakwisha na msitu unaanza. Kila saa tulivua nguo moja. Matope yalitushika tukiwa bado mbali na Mpofi, na vijana wa kamyo, ili kupunguza mzigo, walishusha vitu na kuilaza frigo ubavu kwenye majani. Nilipiga kelele, lakini ilikuwa imekwisha lala usiku mzima.

Walikale iko chini kuliko kwetu, karibu na mto Lowa, na hewa yake ni kama kitambaa kilicholowa. Ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu kubwa ni msitu. Huko watu wanahifadhi kwa moshi: samaki wa mto na nyama vinakaushwa juu ya moto mpaka viwe vyepesi. Niliwahi kumshauri yaya atumie chungu ndani ya chungu, chenye mchanga uliolowa katikati, kwa ajili ya insulini. Kinasaidia mahali penye hewa kavu, maana maji yakikauka yanabeba joto. Walikale hewa imejaa maji tayari, kwa hiyo hayakauki, na chungu kinabaki chungu tu. Lilikuwa kosa langu.

Tulipofika, watoto walitaka kuwasha frigo papo hapo. Nilikataa mpaka kesho yake. Frigo ikilazwa, mafuta ya mashine yanaingia kwenye mabomba ya gesi. Ukiwasha kabla hayajarudi, unaweza kuiua mashine siku ya kwanza. Tuliiweka sentimita 10 mbali na ukuta, kwenye mbao nne sawasawa, na nyuma tukafunga nyaya juu kwa sababu ya panya.

Kuhusu plaki za jua, kibandiko kinasema 0.7, lakini katika joto la Walikale mashine inapumzika kidogo, kwa hiyo nilihesabu 1 kwa siku. Plaki moja ya wati 300, kwa masaa manne ya jua zuri, inatoa 1.2, na njiani sehemu inapotea. Tena Walikale inanyesha karibu mwaka mzima. Tuliweka plaki mbili. Bateri ya kawaida ya volti 12, ampea-saa 200, ina 2.4 ndani yake, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua upesi. Na inveta iwe kubwa mara kadhaa kuliko wati za frigo, maana mashine inapoamka inavuta umeme mwingi kwa nukta moja. Wengi wanapoona inveta inazima wanalaumu frigo.

Mahali pa insulini tulipaamua pamoja. Siyo chini kamwe: insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, inatupwa. Hata juu, siyo kugusa ukuta wa nyuma ambako maji hufanya barafu. Tuliiweka kwenye rafu ya katikati, ndani ya kopo lenye kifuniko, na kipimajoto kidogo kando yake, kati ya digrii 2 na 8. Chini tulijaza nafasi tupu kwa chupa za maji zigande. Umeme ukikatika na mlango usifunguliwe, sehemu ya kugandisha iliyojaa inashika baridi karibu siku mbili, iliyo nusu siku moja. Sehemu ya juu ni masaa manne tu, na hapo unapandisha chupa mbili za barafu, mbali na dawa.

Usafi ni jambo fupi. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo kila juma mbili, na mpira wa mlango usisahauliwe. Kile kitundu nyuma ndani, zibua kwa kijiti laini, la sivyo maji yanajaa chini ya mboga. Chakula cha moto kipoe kwanza. Lakini barafu ikiwa nene, zima, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani. Kisu, hapana! Nimeona frigo mbili zilizotobolewa kwa kisu, na zile zenye kibandiko R600a gesi yake inashika moto.

Vita vilipofika Walikale-centre mwezi wa tatu 2025, yaya alikimbia na wengine. Kabla ya kutoka alichomoa waya, akatoa kila kitu, akaweka kipande cha ubao mlangoni usifunge. Alinieleza baadaye kwamba jirani yake alimpigia kelele: “Unapanga frigo wakati huu?” Insulini aliibeba katika termosi tupu iliyopozwa kwanza, imefungwa kitambaa, bila barafu kuigusa. Ilimfikisha.

Aliporudi, frigo ilikuwa pale pale, nzito mno kubebwa. Ndani hapakuwa na ukungu wala harufu. Droo mbili zilikuwa zimekwenda, plaki na bateri pia. Kwa sasa chupa iliyofunguliwa anaitunza mahali pa kivuli, na haivushi majuma manne. Zile ambazo hazijafunguliwa zimerudi kwa jirani wa butiki. Kikundi chake kimeanza kuchanga tena. Juzi amenipigia simu, ananiuliza plaki ya wati 300 ni bei gani Goma, na kama droo zinauzwa peke yake. Droo sijapata bado. Mama mwenye frigo iliyokufa nyumbani, yenye droo nzima, upana wa sentimita 45, anitafute baada ya kikao.