Kamera Ndogo Yataka Miguu Gani?

Siku hizi watu wengi wa parokia zetu wana kamera ndogo. Wapiga foto za ndoa, za ubatizo, za wazee, za watoto wanaomaliza masomo. Nje, penye jua, foto hizo ni safi. Lakini zikipigwa ndani ya kanisa au ndani ya nyumba, mara nyingi sura za watu zaonekana kama zimemwagiwa maji. Mwenyewe alalamika: «Kamera yangu ni mbaya.» Tumesikia maneno hayo mara nyingi, na mara nyingi kamera haina kosa. Mkono ndio uliotetemeka.

Tueleze jambo hilo. Kamera hufungua jicho lake kwa muda mfupi ili mwanga uingie. Penye jua kali 1/500 ya sekunde yatosha, na katika muda huo mkono hauharibu kitu. Ndani ya nyumba yenye dirisha moja mwanga ni kidogo. Jicho lapaswa kubaki wazi 1/8 ya sekunde, pengine nusu ya sekunde. Wapiga foto wana kanuni ya zamani, iliyotungwa kwa kamera za filamu ya milimita 35: ukitumia lensi ya milimita 50, usishike kamera mkononi kwa muda unaopita 1/50 ya sekunde. Kamera nyingi za leo zina kifaa cha ndani cha kupunguza mtetemo, nacho chasaidia kweli, lakini nguvu yake ina mwisho.

Mwingine atasema: «Basi, nitawasha flashi.» Flashi ya kamera ndogo hufika mita chache tu. Tena yafanya uso kuwa mweupe kama chokaa, na nyuma ya mtu kuwa giza. Wengine huongeza ukali wa kamera kupokea mwanga, lakini wakizidi foto yajaa chembechembe kama mchanga.

Dawa ni ya zamani kama foto yenyewe. Mfaransa Nicéphore Niépce, alipopiga foto kutoka dirisha la nyumba yake huko Saint-Loup-de-Varennes, karibu mwaka 1827, ilimpasa kuacha jicho la kamera wazi kwa saa nyingi. Hata njia ya Daguerre, iliyotangazwa mwaka 1839, ilitaka dakika kadhaa. Ni mkono gani ungeweza? Ndiyo maana kamera iliwekwa juu ya kitu kisichotetemeka, na baadaye wapiga foto wakaizunguka dunia na chombo cha miguu mitatu. Kwetu wengi wanakiita trepie, kwa neno la Kifaransa.

Kwa nini miguu mitatu, si minne? Mama zetu wanajua jibu. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili vilevile. Yakiwa matatu, chungu chakaa, hata kama udongo si sawa. Meza ya miguu minne ikiwekwa juu ya mawe meusi ya Goma, yale yaliyoachwa na moto wa Nyiragongo mwaka 2002, yayumba mpaka utie kipande cha ubao chini ya mguu mmoja. Miguu mitatu hupata mahali pake mara moja.

Sasa tuseme kwa nini jambo hili si mchezo. Katika nyumba nyingi za milima yetu, mzee ana foto moja tu, ile ya karata yake, ndogo kama kidole. Akifa, wajukuu wanabaki na nini? Siku moja, katika kijiji kimoja juu ya ziwa Kivu, tuliitwa kwa mama mzee asiyeweza tena kutoka nje. Mwanga ulikuwa ule wa mlango tu. Tulimwambia mkubwa wa nyumba: «Baba, tusimwondoe mama mahali pake. Aketi vile alivyozoea.» Tukasimamisha trepie, tukaiweka kamera sawa na macho yake, tukamwomba aegemee ukuta na asisogee kidogo. Tulipiga foto tano. Tatu hazikufaa, kwa sababu mama alicheka. Mbili zilitoka safi, na mikunjo yote ya uso wake. Baada ya miezi michache, moja kati ya hizo mbili ilibebwa mbele ya jeneza lake. Kisha ikatundikwa ukutani, na watoto ambao hawakumwona wanamjua.

Mjue basi neno hili: trepie hushika kamera, haishiki watu. Wanaocheza ngoma hawatatulia kwa sababu yake. Ni ya wale wanaokaa, ya kanisa lenye giza, ya mlima wakati wa jioni, na ya foto ya jamaa ambamo mpiga foto mwenyewe anataka kuonekana.

Wengi wanatuuliza: «Ninunue ipi?» Ile kubwa ya kilo tatu ni imara sana, lakini baada ya safari mbili itabaki nyumbani nyuma ya kabati. Sisi tunaopanda kwa miguu na kwa piki-piki twataka nyepesi. Lakini wepesi una bei yake, na bei hiyo ni uimara. Kuchagua ni kupima hayo mawili.

Kwanza, pimeni kamera pamoja na lensi. Kamera ndogo yaweza kuwa na gramu 300 mpaka 600. Uzito ulioandikwa kwenye sanduku la trepie hupimwa na kila mtengenezaji kwa njia yake. Chagueni ile inayosema yabeba mara tatu au zaidi ya uzito wenu.

Pili, tazameni urefu. Trepie ya safari yenye karibu kilo moja, ikikunjwa sentimita 40 hivi, huingia katika mfuko na haigongi watu njiani. Ikifunguliwa, haina lazima kufika machoni mwa mtu aliyesimama, maana kamera za leo zina kioo nyuma. Kwa mtu aliyeketi, mita moja na kidogo yatosha.

Tatu, hesabuni vipande vya mguu. Mguu wa vipande vitano hukunjwa kuwa mfupi sana, lakini kipande cha mwisho ni chembamba kama kalamu, na hapo ndipo mtetemo unapoanzia. Vipande vinne ni kati na kati. Tena, nguzo ya katikati isiwadanganye. Ukiipandisha juu kabisa, kamera yakaa juu ya mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu.

Nne, mata. Aluminiamu ni ya bei nafuu, ikianguka hupinda. Nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi na hutuliza mtetemo upesi, lakini zagharimu feza nyingi, na zikigongwa vibaya zaweza kupasuka. Kwa wengi wetu aluminiamu yafaa.

Tano, kichwa. Kichwa cha tufe hufungwa kwa kifundo kimoja, ni chepesi, chafaa safari. Parafujo ya juu karibu kamera zote ndogo zapokea ileile, yenye upana wa milimita 6 na kidogo. Kile kibao kidogo kinachofungwa chini ya kamera kitunzwe kama ufunguo wa nyumba; kikipotea, trepie yenyewe haifai kitu.

Kabla ya kutoa feza, ijaribuni. Fungueni miguu yote, mkandamize kwa juu na kuzungusha kidogo. Fungieni kamera, mwinamishe kichwa, mkaze kifundo, mhesabu mpaka thelathini: kamera ikishuka polepole, iacheni. Gongeni mguu kwa kidole huku mkitazama kioo. Picha ikiendelea kucheza sekunde nyingi, rudisheni.

Mkiisha kuipata, itumieni kwa akili. Fungueni kwanza vipande vinene, vile vyembamba viwe vya mwisho. Kwenye mteremko, fupisheni mguu wa upande wa juu. Tundikeni mfuko chini ya nguzo, ugusane na udongo usipepee. Zimeni kile kifaa cha kupunguza mtetemo, kama kitabu cha kamera chasema hivyo. Tena msipige kwa kidole: tumieni saa ya kamera ya sekunde mbili, maana kidole chenyewe hutikisa. Baada ya safari ya piki-piki kazeni parafujo zote, na matope yaosheni kwa maji safi.

Na asiye na feza je? Ajaze maharagwe nusu kilo katika kimfuko cha kitambaa, akiweke juu ya meza au ukuta, kamera aikandamize humo. Au afunge kamba kwenye parafujo inayoingia chini ya kamera, akanyage ncha ya kamba, avute juu kwa nguvu. Kamba haitoshi kwa nusu ya sekunde, lakini hupunguza mtetemo. Kimfuko cha maharagwe, kikiwa mahali pagumu, kitafanya kazi ya trepie ndogo, na jioni mama apika.

Basi, ndugu, msinunue kwa sifa za muuzaji. Nunueni ile ambayo mgongo wenu utakubali kuibeba mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji, kwa sababu huko ndiko waliko wazee ambao hawajapigwa foto bado.