Kipande cha Mti Kilicho Ndani

Katika bendi au kwaya, besi ndiyo inayosikilizwa na wachache na kukosekana kwa wote. Msikilizaji hutoka ukumbini akiuimba mlio wa gitaa la solo. Ni nadra kumsikia akiuimba mlio wa besi. Hata hivyo, besi ikinyamaza katikati ya wimbo, waimbaji huyumba na ngoma hubaki ikigonga bila mwenzake. Ndiyo maana swali la gitaa gani la besi ni zuri haliwahusu wapigaji peke yao.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo aghalabu humkanya anayehadaika na umbo. Kwa gitaa la besi, yafaa pia ichukuliwe kama maelekezo: rangi iachwe kando, kikaguliwe kile kipande cha mti.

Watu wa Njombe hawahitaji kufundishwa habari za miti. Kampuni ya miwati ilianzishwa huko mwaka 1949, na leo milima imevikwa miwati, mikaratusi na misindano. Malori ya mbao huteremka hadi Makambako, mwendo wa kiasi cha kilomita 60, mahali ambapo barabara ya Songea hukutana na barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mbao hupita hapo zikienda mbali, na bidhaa za pwani hupita hapo zikipanda milimani, magitaa yakiwa miongoni mwake.

Gitaa la besi la umeme kama lijulikanavyo leo lilienea baada ya mwaka 1951, pale Leo Fender wa California alipolitoa lake lenye nyuzi nne na vipande vya chuma vilivyopangwa juu ya shingo. Urefu wa uzi unaopigwa ulikuwa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi, na kipimo hicho kingali kikifuatwa na mafundi wengi. Uzi mnene kuliko yote hutikisika mara 41 kwa sekunde. Uzi mrefu na mzito namna hiyo huivuta shingo mchana na usiku, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Mti ukiwa mbichi au dhaifu, shingo hupinda. Msindano nao si wa kudharauliwa: gitaa la majaribio la Fender, la mwaka 1949, lilikuwa na kiwiliwili cha mti wa jamii hiyo. Jina la mti si hoja kubwa kama ukavu wake, unyoofu wa nyuzinyuzi zake na uaminifu wa aliyeuchonga.

Mpigaji wa kwaya moja ya Njombe aliwahi kutumwa Makambako akiwa na michango ya wenzake mfukoni, fedha zilizotoka katika viazi na mahindi. Aliyakuta magitaa mawili. Moja lilikuwa jipya, jekundu, la nyuzi tano. La pili kuukuu, la nyuzi nne, rangi yake imebanduka mahali mkono unapoegemea. Vijana aliofuatana nao walikwisha kulichagua jekundu kabla hajaketi.

"Mwalimu, hili ndilo litakalotupa heshima," walimwambia.

Hakuwajibu. Aliliinua lile jekundu, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake, kama seremala atazamavyo ubao. Ilikuwa imesokotwa. Alipopitisha kiganja ubavuni mwake, ncha za vyuma zilimkwaruza, dalili kwamba mti ulisinyaa baada ya gitaa kuundwa. Chombo kilichozoea unyevu wa pwani, kikifikishwa kwenye hewa kavu ya nyanda za juu, hufichua haraka mti usiokauka sawasawa.

Kisha alilishika kuukuu. Alilipiga kabla ya kuliunganisha na umeme, akasikia mtikisiko ukimfikia kifuani. Alikandamiza uzi kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho, akaona katikati upenyo mwembamba, kama inavyopasa. Alilinganisha sauti ya uzi ulioachwa wazi na ile ya chuma cha 12, zilikubaliana. Lilipounganishwa na spika, kitasa cha sauti kilikwaruza, na noti moja ya uzi mwembamba ilikufa upesi kuliko nyingine. Hayo hayakumtisha. Kitasa hubadilishwa, nyuzi hununuliwa, na noti inayokufa mahali pamoja hupatikana kwenye uzi wa jirani. Shingo iliyosokotwa ni kazi ambayo mafundi wengi hawaipokei.

Aliporudi, mwekahazina alimwuliza mbele ya wanakwaya wote kwa nini jasho lao limenunua kitu kikuukuu. Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa fedha hazikuwa zake. Aliomba wavumilie mpaka Jumapili. Siku hiyo wazee wa sauti ya nne, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakiitafuta noti yao kwa kubahatisha, waliikuta inawangoja. Hakuna aliyelisifu gitaa. Walisema tu kwamba wameimba vizuri, na yule mwekahazina hakuuliza tena.

Visiwani jambo hili linafahamika kwa njia nyingine. Katika taarabu ya Unguja, ile besi kubwa ya kusimama, inayodonolewa kwa vidole nyuma ya udi, kanuni na fidla, haijawahi kushindana na mwimbaji. Kazi yake ni kumwandalia mahali pa kukanyaga.

Huenda siku moja fundi wa Njombe akachonga besi kwa miti ya kwao, na ubao wa vidole akautoa katika mpingo wa Kilwa au Lindi, ambao kwa miaka mingi umesafirishwa Ulaya kutengenezewa klarineti. Miti ipo, na mikono ipo. Ila atalazimika kuzizuia mbao zake zisipande lori mapema, azipange kivulini, na azingoje zikauke huku wateja wakimhimiza.