Ngorongoro, Karatu na Nyumba za Wageni

Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Kurani Tukufu tusafiri katika ardhi, tuutazame uumbaji Wake. Mwenye kutaka kuitikia wito huo hapa Afrika Mashariki hana haja ya kuvuka bahari. Na atoke Arusha, apite Makuyuni na Mto wa Mbu, aupande ukuta wa Bonde la Ufa hata Karatu, kisha aingie lango la Lodoare. Afikapo ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ataona chini yake shimo la duara lenye kina cha mita 600 hivi, na uwanda wa kilomita za mraba 260 hivi. Hayo ni masalio ya mlima wa moto uliobomoka zamani za kale. Ndani yake mna ziwa la magadi, msitu wa Lerai, nyumbu, pundamilia, simba na vifaru.

Ajabu hiyo ni ya kale, lakini biashara ya utalii juu yake ni changa, na iliyoianzisha ni nyumba ya kulala. Mgeni hata apendezwe na mahali namna gani, asipopata kitanda, chakula na maji, hatakaa. Pwani tuliliona jambo hilo kwa mahoteli makubwa kama ile ya Nyali, Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1946. Huku bara lilianza kwa unyonge zaidi: vibanda vya magogo vilivyojengwa ukingoni mwa Ngorongoro katika miaka ya 1930.

Mwaka 1959 nchi hii iligawanywa. Serengeti ikabaki mbuga ya wanyama peke yao, na Wamasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishiwa Ngorongoro, iliyowekwa kuwa hifadhi ya watu, mifugo na wanyama pamoja. Mwaka huo huo Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa kitabu na filamu juu ya Serengeti, vilivyoeneza sifa za pande hizi ulimwenguni. Mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege mwezi wa Januari mwaka huo, na kaburi lake liko ukingoni pale.

Baada ya uhuru, Serikali ya Tanzania iliona kwamba sifa pasipo malazi hailishi watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilijenga mahoteli yake Ngorongoro, Manyara, Seronera na Lobo, na mwaka 1971 ukafunguliwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ili mgeni asilazimike kuingilia Nairobi. Karatu nako, James Gibb na mkewe Margaret, wenye shamba la kahawa, walianza kupokea wageni shambani mwao mwaka 1972. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, wageni walipungua mno, na vitanda vikabaki vitupu. Hapo ilidhihirika kuwa nyumba ya wageni pasipo njia ni jengo tu. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na lami ilipofika Lodoare mwanzoni mwa miaka ya 2000, Karatu ikastawi. Hifadhini watu hawawezi kujenga wapendavyo. Kwa hiyo nyumba nyingi za wageni zimesimama mjini Karatu na katika vilima vya Wairaqw, na pamoja nazo kazi za madereva, waongozaji, wapishi na wakulima wa mboga.

Lakini yatupasa tuulize: katika karamu hii, mwenyeji ni nani? Wamasai waliopokelewa Ngorongoro mwaka 1959 walikatazwa kuishi shimoni katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni. Serikali yasema watu na mifugo wamezidi na ardhi yachoka. Wengi wa wenyeji wasema haki yao yapunguzwa, hali milango yafunguliwa kwa wageni. Sisi twasema kwamba wanyama ni amana, na haki ya jirani ni amana vile vile. Haifai moja iliwe kwa jina la nyingine.

Nabii Ibrahim (a.s.) alipojiwa na wageni asiowajua, aliwaletea ndama aliyenona kabla ya kuwauliza shida yao. Huo ndio ukarimu wa asili, usiotazama mfuko wa mgeni. Hoteli huuza kitanda, wala si haramu kukiuza. Ila moyo wa kumpokea mtu hauuzwi.

Vijana wetu wanaotafuta riziki Karatu wasiidharau kazi hii. Wajifunze lugha, wajue majina ya ndege na miti, waendeshe gari kwa uangalifu, wasimdanganye mgeni katika bei. Aliyeajiriwa mahali panapouzwa ulevi na ajitafutie sehemu iliyo safi katika kazi hiyo, asiache sala yake kwa haya. Nazo familia zenye uwezo zisiwaachie watalii wa mbali peke yao fahari hii; ziwapeleke watoto wakaione, wapate kumtukuza Muumba.

Wabillahi tawfiq.